Tyuna ya Mzee Joab

Merigi,
14 Januari 2024

Ndugu yangu Kipruto,

Chamgei. Huku hatujambo. Barafu ya asubuhi imeunguza majani ya chai ya upande wa mto, kwa hivyo mwezi huu tutachuna ya juu tu. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Shemeji yako Rodah wa pale Kaplong amefanyiwa operesheni na amerudi nyumbani, anatembea. Baba anakula vizuri. Macho yake sasa yamekwisha kabisa. Hata mwanga wa dirisha haoni. Mimi ananijua kwa miguu yangu. Wengine anangoja mpaka waseme.

Simu nimejaribu mpaka nimechoka. Dereva wa mission yenu aliyepita Bomet alituambia mlingoti wa network huko kwenu uliangushwa na upepo, na haijulikani utasimamishwa lini. Basi nimerudi kwa kalamu. Barua atakuwa anabeba yeye.

Ninayotaka kukuuliza ni haya. Redio ya Baba imekufa. Kebaso aliifungua akasema hii imeshafika mwisho. Unamkumbuka Kebaso, yule Mkisii mliyesoma naye polytechnic? Ana duka la kutengeneza redio Kaplong, na hupita hapa Jumamosi kumwona Baba. Amepata habari ya mama mmoja Kericho, mjane wa meneja wa shamba la chai, anayehamia Nairobi kwa watoto wake na anagawa vitu vya nyumba. Ana redio mbili za zamani zinazoitwa tyuna. Kebaso anasema tyuna kazi yake ni kushika stesheni tu, haina sauti yake, lazima uiunganishe na amplifaya na spika. Hizo tunazo, zile ulizomletea Baba ulipoanza kazi.

Mama huyo amesema tuchukue moja. Kuna nyeusi, safi kama imetoka dukani jana. Na kuna ya rangi ya fedha, kubwa, ina kioo kirefu na sindano inayotembea, lakini imekwaruzwa na harufu yake ni ya stoo. Kebaso anataka nyeusi. Wewe unasemaje? Baba bila habari za Kipsigis za asubuhi anakaa tu kama mtu anayengoja gari.

Dada yako,
Chepkirui

*

Mission, kaskazini ya Marsabit,
6 Februari 2024

Dada Chepkirui,

Barua ilifika jana, imejaa vumbi. Mimi ni mzima. Huku joto linapasua mdomo. Jenereta za hospitali zote mbili zinafanya kazi, na kwa hiyo kila mtu ananiita daktari. Mpe Rodah pole zangu.

Kwa tyuna, usichukue kwa sura. Fanya hivi. Kwanza, soma namba kwenye kioo. Kama zinaanzia 76 na kuishia 90, hiyo ilitengenezewa watu wa Japani, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Baba hatapata kitu. Unataka inayokwenda mpaka 108. Pili, geuza nyuma, tazama ni ya stima ya ngapi. Ikisema 100 tu, ukiichomeka kwa ukuta wa Kenya utaona moshi. Tatu, zungusha kile kitufe kikubwa polepole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Kiende laini, bila kukwama, na sindano ifuate bila kuruka. Mikwaruzo na harufu si kitu. Vumbi la ndani mtapuliza.

Ukishaileta nyumbani, usiiweke juu ya amplifaya, joto litaiua. Iweke kando, mbali na ukuta ulio na unyevu. Eriali iwe nje, juu, ielekee upande stesheni inakotoka. Na mvua ya mawe ikianza kunguruma, chomoa stima na uchomoe waya wa eriali pia. Bomet si mahali pa kucheza na radi.

Nashangaa kwamba Kebaso hakukwambia hata moja katika haya. Lakini Kebaso daima alikuwa mtu wa kupenda kitu kinachong'aa.

Hapa msomee Baba: Baba, nakumbuka ulipokuwa ukitoka shifti ya kiwandani, shati linanuka chai, unaweka redio juu ya debe la mahindi na kuniambia nishike waya wa eriali juu, nisisogee mpaka habari ziishe. Mkono ulikuwa unakufa ganzi. Sikukuambia, lakini nilikuwa naona fahari kuliko mtoto yeyote wa Merigi. Kazi hii yangu ilianzia pale. Naomba uniambie sauti ikoje ukishaisikia.

Ndugu yako,
Kipruto

*

Merigi,
2 Machi 2024

Ndugu yangu Kipruto,

Chamgei tena. Sisi wazima. Mvua imeanza mapema na majani yamefufuka, mikono yangu ni ya kijani mpaka kwenye kiwiko. Ndama amepewa jina la Janefer, jirani yetu, kwa sababu anapiga kelele kama yeye. Janefer amekasirika kidogo.

Tyuna imefika. Tulichukua ile ya fedha. Nyeusi iliishia 90, lakini namba za hii zinafika 108, na nyuma kuna kijiswichi cha kuchagua stima, Kebaso akakisukuma kwenye 240. Eriali ameifunga juu ya mti wa mkaratusi, kule kwenye kona ya boma.

Kipruto, sijui nikuelezeje ile sauti. Tulizoea redio inayoongea kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Hii, mtangazaji alipokohoa, Baba aligeuka kuangalia nani ameingia. Kisha akaanza kulia, machozi tu, bila sauti. Akasema, "Kebaso, wewe umenirudishia macho." Siku hizi Jumamosi ikifika ananiambia nisimimine maziwa ya mursik kwa mtu mwingine mpaka Kebaso aje. Wanakaa pale saa tatu nzima, Kebaso anazungusha, Baba anasema "rudi kidogo, rudi kidogo, hapo." Anamwita "kijana wangu."

Baba anakusalimu.

Chepkirui

*

Mission,
25 Machi 2024

Chepkirui,

Natumaini mko wazima. Mimi niko.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. "Baba anakusalimu." Maneno mawili ungeweza kuyaandika wewe mwenyewe bila hata kumuuliza. Alisema nini uliposoma ile sehemu yake? Alicheka? Alikumbuka debe?

Na nani aliyemwambia asichukue nyeusi? Kebaso alitaka nyeusi, wewe mwenyewe uliandika. Sasa Kebaso ndiye amemrudishia macho. Sawa. Mimi sihitaji mursik.

Nikupe jambo moja la utunzaji, kwa sababu mafundi wa mjini hawalijui. Tyuna za zamani hulegea kwa baridi ya nchi ya chai. Fungua kifuniko cha juu, stima ikiwa imechomolewa. Ndani, karibu na kile kitufe kikubwa, utaona skrubu ndogo ndogo sita au saba, zimepakwa rangi nyekundu juu. Hiyo rangi ni uchafu wa zamani, ikwangue kwa kisu. Kisha kaza kila moja nusu mzunguko. Usilazimishe. Baada ya hapo itashika mpaka Kitale.

Usimwambie Kebaso. Atasema si kweli, kwa sababu hakufikiria yeye. Fanya siku ya kazi, Baba akiwa amekaa nje. Atasikia tofauti na atajua nani anajua redio katika nyumba hii.

Kipruto

*

Merigi,
9 Mei 2024

Kipruto,

Chamgei. Umengoja sana, najua. Daraja lilikwenda na maji, dereva wa mission hakupita mwezi mzima, na hata angepita sikuwa na kitu nilichotaka kuandika. Mahindi yameoza chini. Janefer amepoteza mbuzi wawili. Watu wote wazima.

Nilifanya ulivyosema. Nilikwangua rangi, nikakaza zote saba, nusu nusu, ulimi nikiwa nimeung'ata kama mtoto anayeandika. Nikamwita Baba aje asikie, bila kumwambia kwamba nimegusa kitu.

Ilikuwa ni upepo tu. Sindano ilikuwa mahali pake pa kila siku lakini stesheni haikuwepo. Kwingine zilikuwa mbili pamoja, mhubiri juu ya mtu wa matokeo ya mpira. Nilizungusha mpaka nikatoka jasho. Baba alisogea karibu. Alinyoosha mkono, akagusa kioo, akaurudisha kwenye paja.

Kebaso alikuja Jumamosi. Alifungua kifuniko, akakaa akiangalia bila kugusa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii rangi nyekundu ni nani ameitoa?"

Nikaangalia kucha zangu.

"Chepkirui, hiyo ndiyo alama ya kiwanda kwamba pasiguswe. Kila skrubu iliwekwa mahali pake kwa mashine. Mimi sina hiyo mashine."

Baba akauliza kutoka kitini, "Kuna nini huko?"

Kebaso alinitazama, kisha akasema, "Ni mimi, Mzee Joab. Juma lililopita nilisogeza kitu nikaharibu."

Unajua Baba alivyo akikasirika, hapandishi sauti. Alimwambia, "Basi uende. Kama hukuwa unajua, ungesema hujui." Kebaso alichukua kofia yake akaenda. Jumamosi nne sasa hajaja. Na mimi niliyesimama pale na mdomo wangu, nilimwacha aende.

Nakuuliza mara moja tu. Ulijua?

Chepkirui

*

Mission,
28 Mei 2024

Chepkirui,

Pole kwa mahindi.

Nilikwambia nusu mzunguko. Labda ulizidisha. Mikono ya kuchuna chai si mikono ya skrubu. Mimi niko mbali, siwezi kujua ulifanya nini.

Kipruto

*

Mission,
22 Juni 2024

Dada yangu,

Hukujibu, na siwezi kukulaumu. Sina habari za kutanguliza leo. Nimekula, nimefanya kazi, mwili hauna shida.

Nilijua. Nilijua nilipoandika neno "uchafu". Nilijua unaponiamini, unafuata kila kitu kama mapishi. Niliandika nusu mzunguko kwa sababu robo ingeweza kuvumilika.

Nitakwambia lilikotoka, si kwa kujitetea. Siku ya mwisho polytechnic, Kebaso alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Baba alikuja kwa miguu kutoka stendi, na koti lake la kanisani. Alipofika mbele alimshika Kebaso mkono kwanza, akamwambia, "Wewe ndiye fundi." Mimi akanishika bega. Labda ilikuwa ni heshima tu kwa mtoto wa watu, sijui. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na sasa nina thelathini na tisa, na niliposoma "kijana wangu" kwenye karatasi yako nilihisi ile ile, hapa kifuani, kama mtu amenikalia. Nilitaka ile tyuna inyamaze mikononi mwa Kebaso. Sikufikiria kwamba atakayekaa kwenye ukimya ni Baba. Nasema uongo, nilifikiria, nikaandika tu.

Wiki jana Drusilla, mpishi wa hapa, alinikuta nimeshika barua yako. Akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi nenda ukafanye kitu, unaniharibia hamu ya kupika." Ndiyo nafanya.

Kericho mjini, nyuma ya soko, kuna fundi anaitwa Duke. Ana mashine ya kutoa mawimbi, ile Kebaso aliyosema hana. Skrubu zinaweza kurudishwa, hakuna kilichovunjika. Lakini Duke hataijua tyuna hiyo vizuri; awe na Kebaso pembeni. Kebaso ana sikio. Nimeliandika hilo na mkono haujakatika.

Mwambie Kebaso ni mimi. Mwambie Baba. Soma barua hii yote.

Kipruto

*

Merigi,
21 Julai 2024

Ndugu yangu Kipruto,

Chamgei. Baridi ya Julai imeshuka, tunachuna tukiwa tumevaa makoti. Rodah amepona kabisa na ameanza tena kuongoza kwaya. Shemeji yako Winny alipita na watoto, wanakuulizia.

Nilipomaliza barua yako nilitaka kukutukana, nikachukua kalamu kabisa. Halafu nikaenda kwa sanduku ninakoweka barua zako nikasoma ile ya Februari. Kipruto, sikumsomea Baba. Ile sehemu yake, ya debe na waya, niliiruka. Niliisoma kwa macho, nikafika chini, nikamwambia, "Anasema ni mzima." Na yale mashauri ya namba 76 na 108, niliyapeleka kwa Kebaso kama ni akili yangu, na Baba akadhani ni ya Kebaso, nami nikanyamaza. Uliponiuliza Machi kama alicheka, hakuwa na kitu cha kuchekea.

Wewe ulikuwa unashika waya, mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa watu wanaosikiliza habari. Hakuna siku aliniambia mimi nishike. Miaka kumi na moja ninamwosha, ninamkata kucha, na mgeni akija Baba anasema, "Nina mtoto huko Marsabit anatengeneza hospitali." Mimi niko hapo hapo namimina chai. Nikasema moyoni, hii moja hataipata. Maneno yako matamu yakae kwa sanduku. Kwa hivyo usifikiri kwamba ni wewe peke yako.

Nilikwenda Kaplong kwa Kebaso nikamwambia yote, yako na yangu. Alikuwa anachomelea waya. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Akasema, "Nilijua si wewe. Hakuna mtu wa shamba anayejua kuna skrubu saba." Nikamuuliza kwa nini basi alijitwika. Akasema, "Mzee ana watoto wawili. Nikisema, atakuwa na mmoja." Kisha akaweka waya kando, akasema, "Na pia nilikuwa nimekunywa mursik nyingi ambayo haikuwa yangu."

Tulipeleka tyuna kwa Duke. Walikaa nayo siku mbili, stesheni zote zikarudi mahali pake. Jumatano Kebaso alikuja nayo, na kabla hajaichomeka nikamwambia Baba akae sawa, kuna kitu cha kusoma. Nikasoma barua zote, kuanzia ya Februari, bila kuruka, hata pale ulipoandika nina mikono ya kuchuna chai. Kebaso alikuwa mlangoni. Nilimaliza sauti imeisha.

Baba aligeuza uso kwenye sauti yangu. Halafu akasema, "Miezi mitano nilidhani mtoto wangu amenisahau. Na maneno yake yalikuwa ndani ya nyumba hii hii."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Na wewe, ulikuwa unataka nini?"

Nikamwambia nilikuwa nataka anitaje. Hivyo tu. Mbele ya wageni, mara moja. Ni neno la kijinga kulisema ukiwa na miaka arobaini na tano, lakini lilitoka.

Alitafuta mkono wangu, akaukosa mara mbili, akaupata. Jana mchungaji alipokuja, Baba alimwambia, "Huyu ndiye Chepkirui. Niko hai kwa sababu yake," na mchungaji akashangaa kwa sababu ananijua tangu nibatizwe.

Kwako amenituma hivi, neno kwa neno: "Mkono wako ni mzuri, roho yako ilikuwa mbaya. Ya Kebaso pale polytechnic, nilimshika kwanza kwa sababu baba yake hakuwa na nauli ya kuja. Ungeniuliza."

Kisha akasema barua zako sitazisoma mimi tena. Zikija, atamngoja Kebaso Jumamosi amsomee. Nilidhani anatania. Hatanii. Basi andika ukijua hivyo.

Dada yako,
Chepkirui

*

Mission,
17 Agosti 2024

Kebaso,

Najua ni wewe umeshika karatasi hii, na Baba yuko kwenye kiti chake, na Chepkirui yuko karibu anajifanya hasikii. Chamgei nyote watatu.

Nimeanza barua hii mara tano. Kila mara nilianza na Baba, ili nisianze na wewe. Nilikufanyia ubaya, nikakufanya mwongo mbele ya mzee anayekupenda, na wewe ukaubeba kama mzigo wako. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikishindana na mtu ambaye hakujua kuna mashindano. Niwie radhi. Desemba nitakuja kulisema hili nikiwa nimesimama mbele yako, lakini Desemba ni mbali na sikutaka lingoje.

Yanayofuata ni ya Baba. Ni kurasa tatu, na mengine humo yatakuwa magumu kwa mdomo wako, kwa sababu nimeeleza nilivyokuchukia na ilivyoanza. Nimeandika pia mambo ya Chepkirui ambayo mimi na Baba tungepaswa kumwambia zamani.

Soma polepole. Usiruke kitu.

Kipruto